Mwanangu, na mimi nilimtamani baba yako

Mwanangu Nyamizi,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema ulimwambia kijana wa watu kwamba unampenda, naye akaenda kuwatangazia wenzake, na sasa kazini wanakuita maharage ya Mbeya. Halafu unaniuliza mbona kaka yako Masanja alipokuwa analeta wasichana getoni kwake tulicheka tukasema kijana kakua, wewe umesema neno moja umekuwa malaya. Na kama mimi niliwahi kumtamani mtu.

Nilimtamani baba yako. Nilikuwa naanika dagaa wa bibi yako pale Kirumba, Mwanza, magamba yamenishika mpaka kwenye viwiko, na yeye anashusha magunia mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, shati limelowa mgongoni. Nikawa nageuza dagaa waliokwisha kukauka ili nisiondoke pale. Bibi yako akaona. Hakusema kitu, ila kesho yake nilijikuta nauza nyanya Igogo. Baba yako akanifuata huko, kila siku ananunua nyanya asizozihitaji, na watu wakamsifu: mwanaume anajua anachokitaka. Mimi nilikitaka kabla yake, mama, lakini hilo halikusemwa na mtu.

Nilipovunja ungo shangazi alinikalisha nyuma ya nyumba: usicheke na wavulana, ukiulizwa kitu angalia chini, ukitaka sema hutaki. Hilo la mwisho ndilo linalonikera hadi leo. Ukifundishwa kusema hutaki huku unataka, siku ukisema hutaki kwa dhati nani atakuamini? Wajomba zako walipobalehe hawakukalishwa na yeyote.

Chini ya yote hayo walikuwa ng'ombe. Kwetu binti aliyezalia nyumbani mahari yake ilishuka, na wazee walibishana mbele yake kama vile hayupo. Kijana aliyempa mimba alikuwa pembeni anachunga. Na serikali nayo haikwenda mbali na wazee wetu: Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimtaka mvulana afikishe miaka 18, msichana 15, tena kwa ridhaa ya baba, mama anaulizwa baba akishakufa. Mpaka mwanaharakati Rebeca Gyumi alipokwenda Mahakama Kuu kuvipinga vifungu hivyo na kushinda mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana na hukumu hiyo mwaka 2019. Ajabu ni kwamba sheria iliyoona msichana wa miaka 15 anafaa kuwa mke wa mtu ilitungwa na watu walewale wanaosema mwanamke hana matamanio.

Angalia hapa mwaloni mbalamwezi inapowaka. Mitumbwi ya dagaa haitoki, wavuvi wanapanda mjini na hela zao, baa zinajaa. Hakuna anayewahesabia. Lakini mama lishe akionekana amecheka na mmoja wao, mpaka asubuhi jina lake limeshavuka ziwa.

Utasema mbona na wewe ulifunga geti saa kumi na mbili, Masanja akiwa bado nje. Nilifunga, na ningefunga tena. Ulikuwa sekondari wakati msichana akipata mimba anafukuzwa, na aliyempa anaendelea na mtihani wake. Ruhusa ya kurudi shule ilikuja Novemba 2021, wewe ulishamaliza. Sikuwa naogopa moyo wako, niliogopa bei ambayo ungelipa peke yako. Shangazi alitaka usitamani. Mimi nilitaka umalize kidato cha nne.

Sasa huyo kijana. Kumwambia hukukosea. Angeweza kukataa kwa adabu, wanaume wanakataliwa kila siku na hawafi. Yeye kaona ni hadithi ya kuwafurahisha wenzake, basi umeshamjua kabla hajakugharimu chochote. Salimia kama kawaida, usijieleze kwa mtu. Akikurudia kwa kificho usiku, maana hawa hurudi, hujamwekea ahadi yoyote kwa kusema unampenda. Na akija mwingine ukampenda, mwambie. Ila nenda naye kupima kwanza, na kinga usimwachie yeye aamue.

Jumapili Masanja anakuja kula. Nimeshamwambia kuna swali lako nitamsomea mezani, baba yenu akiwepo, na kwamba asije na haraka ya kuondoka.

Mama yako