Anayetaka kuwa mhadhiri wa saikolojia ya mahakama akiwa Moshi: jibu refu

Mleta mada, umesema una digrii ya kwanza ya saikolojia, uko Moshi, unataka kufundisha chuo kikuu na kufanya utafiti kwenye saikolojia ya mahakama pamoja na utengamao wa wagonjwa wa akili, yaani kuwarudisha kwenye maisha ya kawaida ya jamii. Umeona kozi ya mtandaoni ya miezi sita ya saikolojia ya uhalifu na unauliza ulipe au uache.

Acha. Cheti hicho hakikupi ruhusa ya kumshika mgonjwa, na kamati ya ajira ya chuo haitakipa uzito. Weka hela kwenye uzamili wa saikolojia tiba, kwa sababu mtaalamu wa mahakama ambaye hajawahi kukaa wodini hana cha kumwambia hakimu. MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, Dar, wanao, chini ya idara ya afya ya akili. Kwa mtu wa Moshi au Arusha, Nairobi ni karibu kuliko Dar: Chuo Kikuu cha Nairobi na USIU wote wana uzamili huo, na hospitali ya Mathari ina wodi ya ulinzi mkali. Kabla ya kuomba, uliza utakaa na wagonjwa kwa jumla ya saa ngapi chini ya msimamizi, na msimamizi mwenyewe ni nani. Wakikujibu kwa kuzungukazunguka, tafuta kwingine. Ukiwa huko linda alama zako: matangazo ya kazi ya vyuo vyetu kwa kawaida yanataka GPA ya 3.8 digrii ya kwanza na 4.0 uzamili, na ukipungua kwa 0.1 maombi yanawekwa pembeni.

Sasa mahakama, ambako filamu zimewapoteza wengi. Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu mahakama kuahirisha kesi na kuamuru mshtakiwa apelekwe hospitali ya akili achunguzwe, na taarifa irudi ndani ya siku 42. Kwa kesi nzito za huku kaskazini, safari kwa kawaida ni Dodoma, Isanga, kituo cha wagonjwa wenye kesi kilicho chini ya hospitali ya akili ya Mirembe. Taarifa inatoka kwa mganga mfawidhi. Wewe mwanasaikolojia unachangia ndani yake: historia, vipimo, mahojiano na ndugu. Kama ndoto yako ni kusimama kizimbani ukihojiwa na mawakili kila wiki, Tanzania utachoka kusubiri.

Kosa kubwa la wanaoanza ni kuchanganya maswali mawili. La kwanza: leo, mshtakiwa anaweza kuelewa mashtaka na kujitetea? La pili: siku ya tukio, akili yake ilikuwaje? Kwa hilo la pili, kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu kinaangalia kama ugonjwa ulimfanya asielewe anachofanya, asijue kwamba hapaswi kukifanya, au ashindwe kujizuia. Kuandika "ana skizofrenia" (ugonjwa wa akili unaomtenga mtu na uhalisia) hakujibu hata moja kati ya hayo. Mtu anaweza kuwa na skizofrenia miaka kumi na akaiba simu kwa sababu alitaka simu.

Halafu mshtakiwa unamwona kwa kuchelewa. Tukio lilikuwa Januari, unakutana naye Agosti, ameshachomwa flufenazini, sindano ya ugonjwa wa akili, mara kadhaa, ametulia, anakusalimia vizuri. Utulivu huo haukuambii chochote kuhusu Januari. Rudi kwenye karatasi: maelezo aliyotoa polisi siku za mwanzo, maelezo ya mashahidi, kadi ya kliniki ya hospitali ya Mawenzi au Mount Meru, na ndugu wawili wanaoishi nyumba tofauti, maana wanaokaa pamoja hadithi zao zimeshalingana. Uliza alikuwa akilala saa ngapi, akila nini, aliacha dawa lini. Pombe ichambue peke yake. Aliyelewa mbege au gongo na mwenye saikosisi (kupoteza uhalisia, kama kusikia sauti zisizokuwepo) iliyoletwa na pombe ya miaka mingi hawako fungu moja kisheria, na kifungu cha 14 kinawatenganisha.

Kwenye vipimo, usibebe namba za ng'ambo kama zilivyo. TOMM, kipimo cha kubaini anayejifanya kasahau, kina picha 50, na anayepata chini ya 45 kwenye raundi ya pili anatiliwa shaka. Kwa mtu mwenye ulemavu wa akili namba hiyo inaweza kumwonea kabisa. HCR-20, ya kupima hatari ya ukatili, ina vipengele 20: 10 vya historia, 5 vya hali ya sasa, 5 vya usimamizi wa baadaye. Hakuna jumla ya alama ya kumtangaza mtu hatari. Wanaojumlisha hawajaelewa chombo. Kuijaribu HCR-20 kwenye mafaili ya Kiswahili, wapimaji wawili wasioonana, kisha kuangalia wanakubaliana kiasi gani, ni tasnifu nzuri ya uzamili na haihitaji bajeti kubwa.

Uzamivu wako, kwa maoni yangu, uwe kwenye utengamao. Anayeonekana hakuwa na akili timamu hafungwi miaka fulani. Anawekwa hospitali, na kutoka kwake kunategemea kama kuna pa kwenda. Ndugu hawamtaki, familia ya aliyeuawa iko jirani, zahanati ya kijiji haina sindano. Swali la nani atampokea Kibosho au Monduli, na kwa masharti gani, linahitaji mwanasaikolojia, afisa ustawi wa jamii na mtendaji wa kata wakae meza moja. Mfumo wa ajira saidizi wa IPS, wa kuwasaidia wenye ugonjwa wa akili kupata na kushika kazi, unataka mhudumu asizidi wateja 20 na mtu aanze kutafuta kazi mapema bila kusubiri apone kabisa. Huku ajira rasmi ni chache, kwa hiyo pima siku alizofanya kazi shambani, gereji au gengeni, pamoja na siku alizolazwa ndani ya miezi 12. Ukihitaji watu 100 mwishoni, na ukitarajia mmoja kati ya watano apotee, andikisha 125, na kwa kila mmoja chukua namba tatu za simu: yake, ya ndugu, ya balozi wa nyumba kumi.

Ukichapisha, kuwa mwangalifu na visa vya wagonjwa. Jina ukilificha lakini ukaacha kata, mwaka na silaha, Moshi nzima inajua ni nani.

Vibali ndivyo vinavyoua ratiba. Kamati ya maadili ya chuo, kisha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kisha Kamishna Jenerali wa Magereza kama unaingia gereza la Karanga au Kisongo. Kila ofisi inataka barua ya iliyotangulia. Tenga miezi sita, na wakati unasubiri uwe na kazi ya mafaili ya kliniki ambayo haihitaji lango la gereza.