Ramani ya Zamani ya Iowa: Anza na Reli

Wiki iliyopita msomaji anayeishi Waterloo, jimbo la Iowa, Marekani, aliniuliza: "Kaka, hizi ramani za zamani unazisomaje? Mimi naona mistari tu." Namjibu hapa, maana najua wengi tuliohamia huku tunatamani kuijua ardhi tunayoikanyaga.

Anza na reli, ule mstari mweusi uliokatwakatwa na vijistari vifupi. Kwenye karatasi za USGS, idara ya Marekani inayochora ramani, za kipimio cha 1:62,500 (inchi moja ni karibu maili moja), nyeusi ni kazi ya binadamu, buluu ni maji, kahawia ni kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja. Barabara hazitakwambia mengi. Nyingi zimenyooka na kupishana kila maili moja, kwa kuwa sheria ya 1785 iliagiza ardhi ipimwe kwa miraba: maili sita kwa sita, ndani yake sehemu 36 za ekari 640. Mlowezi aliyeomba shamba kwa sheria ya 1862 alipata hadi robo ya sehemu, ekari 160. Reli haikujali miraba hiyo. Ilikata mashamba mshazari ikitafuta mteremko mdogo, na ilipoweka stesheni, mara nyingi mji ulifuata na ghala lake la nafaka.

Mimi niliifuata kwa miguu ile ya Waterloo hadi Cedar Rapids, iliyopitisha treni za umeme tangu 1914. Sasa ni njia ya baiskeli, na pale Center Point stesheni bado imesimama. Mkulima mmoja mzee wa huko aliwahi kuniambia mbele za watu kwamba mgeni hana la kumweleza kuhusu kwao. Neno lile linanichoma hadi leo. Baadaye nilimwonyesha kijimraba cheusi ndani ya shamba lake, alama ya nyumba, mahali ambapo sasa ni mahindi matupu. Aliishika karatasi kwa muda mrefu, kisha akaniuliza nimeipata wapi. Nilijisikia fahari, sifichi.

Nilikoipata ni topoView, tovuti ya USGS ya ramani za zamani, bure kabisa. Pakua karatasi mbili za eneo lako, za miaka tofauti, uzilinganishe: reli kwanza, halafu shule, halafu nyumba. Ndugu zangu, tusikae nchi ya watu kama abiria wanaongoja kushuka. Watoto wetu wanazaliwa hapa, watatuuliza. Nawe wa Waterloo, fuata reli kuanzia Mto Cedar, uniandikie ulichokuta.