Kurudi kwenye gofu baada ya miaka mingi: anzia shimoni, draiva iache stoo

Mwangaluka mkuu. Swali lako nimelielewa hivi: uliacha gofu mwaka 2014, sasa uko Tabora kikazi, seti ya zamani imelala stoo, na umealikwa raundi ya kirafiki Dar baada ya wiki nane. Waliotangulia kukujibu wamegawanyika. Mmoja anasema nunua seti mpya, mwingine anasema piga mipira mia mbili kwa siku hadi mkono ukumbuke. Wote wawili watakuumiza, mmoja mfukoni, mwingine kwenye kiwiko.

Anayerudi kwenye gofu anarudi kinyumenyume, kutoka shimoni kuja kwenye tii, pale mkwaju wa kwanza unapopigwa. Puta kwanza (fimbo ya kusukumia mpira shimoni), halafu mikwaju mifupi ya kando ya grini (majani mafupi yanayozunguka shimo), halafu aironi (fimbo za chuma zenye namba) kwa nusu swingi, yaani nusu ya mzunguko wa fimbo, draiva (fimbo ndefu ya kupigia mbali) mwisho kabisa. Ni suala la hesabu. Kwenye uwanja wa par 72 (mikwaju inayotarajiwa kwa mashimo 18), par yenyewe imeshatenga mikwaju miwili ya puta kwa kila shimo. Hiyo ni 36, nusu ya kazi nzima. Nusu hiyo haidai nguvu wala kiuno cha ujana, na mazoezi yake unayafanya uani kwako, iwe Ipuli au Cheyo, bila kumwomba mtu kiwanja.

Fimbo kwanza, kabla ya mwili. Zitoe zote kwenye begi, zipange juu ya mkeka, uzikague moja moja. Gripu (kishikio cha raba cha fimbo) iliyokaa miaka kumi kwenye stoo ya bati hukauka na kung'aa kama kandambili kuukuu. Ibonyeze kwa ukucha: ikibonyea kisha ikarudi, bado hai, ukucha ukiteleza tu, imekufa. Ila usiihukumu kabla hujaisugua kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na brashi ya kufulia, ikakaukia kivulini, maana mara nyingine kinachoteleza ni mafuta ya mkono tu. Na usidhani gripu ni urembo. Ikiwa ngumu inakulazimisha kubana, ukibana mikono inakakamaa hadi viwikoni, uso wa fimbo unachelewa kufunga, mpira unakata kulia. Unaweza kumaliza mwezi mzima ukirekebisha swingi ambayo haina kosa.

Kubadilisha gripu si kazi ya kutisha. Ichane ya zamani kwa kisu, makali yakielekea mbali nawe. Kwenye shafti (bomba la fimbo) ya grafaiti, yaani nyuzi za kaboni, tumia kisu chenye ncha ya ndoano, kwa sababu ukikwaruza nyuzi zake, siku moja shafti itavunjikia hapo hapo. Bandua selotepu yote iliyobaki. Vika selotepu mpya ya pande mbili, ile ya upana wa sentimita 5, na ubakize sentimita 1 ipite mwisho wa shafti ili uikunjie ndani ya mdomo wa bomba. Ziba kitundu cha mwisho wa gripu kwa kidole, mimina ndani vijiko vitatu vinne vya tapentaini ya rangi, tikisa, kisha hiyo hiyo imwagie selotepu yote. Sasa sukuma gripu iingie kwa mkupuo mmoja. Una sekunde chache tu. Ukisita katikati itagoma, haiendi mbele wala hairudi nyuma, na hapo dawa ni kuichana uanze na nyingine. Ikishaingia, linganisha alama zake na uso wa fimbo, uiache hadi kesho yake. Petroli nayo huifanya kazi hiyo, lakini moto hauna adabu, achana nayo. Fundi baiskeli anayevisha mipini ya usukani atakuelewa kwa maneno mawili, na Tabora mafundi hao hawakosekani.

Baada ya gripu, shika kichwa cha fimbo kwa mkono mmoja na shafti kwa mwingine, ukamue kama unayekamua nguo. Ukisikia mlio wa "tk", au ukiona kile kipete cheusi cha plastiki kimepanda na kuacha mwanya, gundi imechoka. Fimbo hiyo usiipige hata mara moja, kichwa chake kitaruka. Kutu ya juu juu kwenye shafti ya chuma inatoka kwa steelwool laini, ila kutu iliyochimba vishimo karibu na kichwa ni ya kuweka fimbo pembeni. Hutazikosa sana. Sheria inakuruhusu fimbo 14, wewe kwa wiki nane hizi zinakutosha saba: puta, weji mbili (fimbo fupi za kuinua mpira juu) yaani ya mchanga na ya kawaida, aironi 9, 8 na 7, na moja ndefu unayoiamini.

Viatu navyo vinamwaibisha mtu mbele za watu. Baadhi ya soli za kisasa ni poliyurethani, aina ya plastiki, na hiyo huoza kwa unyevu wa hewa hata kama kiatu hakijavaliwa. Kinaonekana kizima, unafika shimo la tatu soli inabaki kwenye majani kama mkate uliolowa. Kikunje kwa nguvu mara kumi, ukitembee nyumbani siku mbili. Kikipasuka, afadhali kipasukie huko. Mipira iliyokaa ndani kwa ukavu haina neno, ile iliyookotwa majini ndiyo inayopoteza mwendo.

Mwili sasa, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Kichwa kinaikumbuka swingi ya 2014 sawasawa, ila kiuno na mgongo havizunguki tena kama zamani. Ukipandisha fimbo, mabega yanaishia njiani, mikono inaendelea peke yake, na wakati wa kushuka fimbo inatokea nje na kukata kuja ndani. Huo ndio mpira unaopinda kulia (kwa anayepiga kwa mkono wa kulia), na huo ndio unaomfanya mtu apige kwa nguvu zaidi, na kosa linakua. Kitu cha pili ni kano. Misuli inarudi mapema, kano zinachelewa. Wiki ya pili utajiona simba, na ndiyo wiki ya kuumia kiwiko. Kwa hiyo hesabu mipira: wiki ya kwanza 30 kwa siku, siku tatu tu kwa wiki, na siku ya mapumziko katikati. Kila wiki ongeza 10. Kiwiko kikiuma asubuhi unaponyanyua kikombe cha chai, rudi kwenye puta hadi maumivu yaishe, usipake dawa ya kuchua ukaendelea kupiga.

Kutembea pia ni mazoezi. Mashimo 18 ni kilomita nane mpaka kumi na saa nne juani. Amka saa kumi na mbili na nusu, beba begi lenye zile fimbo saba, zunguka dakika 40 chini ya miembe kabla jua halijakaza. Kama umevuka miaka 40 na hujapima presha siku nyingi, pima kwanza.

Mazoezi ya puta: fagia uani vizuri. Ardhi yetu ya mchanga iliyofagiwa na kushindiliwa inautembeza mpira si vibaya hata kidogo, na bara zamani walichezea grini za mchanga uliochanganywa na mafuta. Chomeka vijiti viwili, mwanya uzidi kichwa cha puta kwa upana wa kidole. Simama mita 1.2 kutoka kwenye lengo, pitisha puta kati ya vijiti bila kuvigusa, mara 20 mfululizo. Ukigusa, unaanza moja. Halafu acha shabaha, fanya urefu: hatua 3, hatua 6, hatua 9, mipira mitano kila moja, na unachokitafuta ni mipira mitano ilale pamoja, si lazima iguse lengo. Anayerudi hakosi sana mstari, anakosa urefu, ndipo zinapotoka puta tatu tatu.

Mikwaju ya kando ya grini: tandika kanga iliyokunjwa mara nne, mita 3 mbele yako. Hapo ndipo mpira unapotua, shimo lisahau. Uzito asilimia 60 mguu wa mbele, mikono mbele kidogo ya mpira, viganja vimetulia. Kwenye grini tambarare ya kasi ya kawaida, kwa weji ya mchanga mpira unabingirika sehemu moja kwa kila sehemu moja ya angani, weji ya kawaida mbili, aironi 9 tatu, aironi 8 nne. Jifunze kutua kwa swingi ile ile na kubadili fimbo, badala ya kubuni swingi mpya kwa kila umbali.

Kwa swingi ndefu Tabora ina zawadi ambayo watu wa majani mazuri hawana, nayo ni mchanga. Chora mstari mchangani kwa kidole, simama mstari ukiwa katikati ya miguu, piga bila mpira kwa aironi 9, mikono ikiishia usawa wa nyonga huku na huku. Kisha inama uangalie. Alama ikianzia kwenye mstari na kwenda mbele, umepiga vizuri. Ikianzia nyuma ya mstari, uzito umebaki mguu wa nyuma. Kwenye majani ungekuwa umelima udongo na mpira umebaki. Alama zinazoelekea kushoto ni ile fimbo inayokata kuja ndani. Nane kati ya kumi zikiwa nzuri, ndipo uweke mpira, na hapo tumia ile ya plastiki yenye matundu. Mpira wa kweli una uzito usiozidi gramu 45.93 na ukitoka kwenye draiva unaweza kupita kilomita 200 kwa saa. Kiwanja cha mpira wa miguu chenye watoto pembeni si mahali pake, hata kama ni Jumapili na kinaonekana kitupu. Na kiangazi ardhi ngumu usiipige moja kwa moja, inarudisha kishindo chote kwenye viganja.

Sheria zimebadilika ukiwa nje. Tangu 2019 mpira unadondoshwa kutoka usawa wa goti, unautafuta dakika 3 badala ya 5, bendera unaruhusiwa kuiacha shimoni unapoputa, na ukiugusa mpira mara mbili kwa mkwaju mmoja kwa bahati mbaya hakuna adhabu. Tangu 2020 kuna mfumo mmoja duniani wa handikapu (namba inayopima kiwango chako cha mchezo): wastani wa raundi zako bora 8 kati ya 20 za mwisho, ukomo 54. Ile ya zamani usijivunie mbele ya wenyeji, utacheza nayo upoteze soda za watu wote.

Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, mpira unakwenda mbali. Ukishuka kwenye viwanja vya gofu vya Lugalo au Gymkhana, Dar, unapoteza kama asilimia 4: aironi 7 iliyokupa mita 140 huku itakupa 134 kule. Chukua fimbo moja kubwa zaidi bila kubishana nayo. Watu husingizia unyevu wa Dar kwamba unauzuia mpira, si kweli. Unyevu unakuharibia mikono. Beba taulo mbili na glavu mbili, moja ikivaliwa, nyingine ikikauka nje ya begi.

Siku yenyewe omba mashimo 9, tii za mbele. Shimo la kwanza toka na aironi 7 hata wenzako wakitoa draiva. Ukimaliza, vua glavu uitazame kwenye mwanga. Ikichakaa sawasawa, mikono iko vizuri. Ikitoboka chini ya kisigino cha kiganja, fimbo inacheza mkononi ukifika juu ya swingi, na hapo ama gripu ni nyembamba kwako, ongeza mzunguko mmoja wa selotepu chini yake, ama ile ya stoo hukuibadilisha.