Koo Moja, Virusi Tofauti

SWALI: Daktari, shikamoo. Baba anatibiwa Ocean Road. Jibu la kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe wake linasema saratani ya tonsili, p16 chanya. Mzee wa kitanda cha pili ana saratani ya koo pia, lakini hajapimwa kirusi chochote, na mwingine kapimwa EBV. Wamesahauliwa? Na mama naye akapimwe koo?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huenda hakuna aliyesahauliwa. Mtaani tunasema koo, basi, lakini maabara inauliza kwanza uvimbe umeota wapi. Kwenye tonsili na shina la ulimi kinachotafutwa ni HPV, kirusi cha kujamiiana kinacholeta pia saratani ya mlango wa kizazi, hasa aina ya 16. Juu, nyuma ya pua, kinatafutwa EBV, kirusi kingine kabisa. Kwenye zoloto, penye sauti, mshukiwa mkuu ni sigara, akisaidiwa na pombe. HPV haipimwi huko kwa kawaida kwa sababu jibu halibadilishi tiba.

Sasa, p16 si kirusi. Ni protini inayojazana ndani ya seli pale HPV inapovuruga breki za ukuaji wake. Kinyama kinapakwa rangi, na ili jibu liitwe chanya, angalau asilimia 70 ya seli za saratani ziwe zimeshika rangi vizuri, kwenye kiini na nje ya kiini. Asilimia 40 si “chanya kidogo”, ni hasi. Na wapo wenye p16 chanya wasio na HPV, hasa katika nchi ambazo saratani ya koo ya HPV si nyingi. Kwa hiyo, pale inapowezekana, kipimo cha HPV yenyewe kifuate.

Jibu hilo linabadilisha hesabu ya hatua, yaani saratani imefika wapi, kuliko watu wanavyodhani. Chukua uvimbe wa tonsili wa sentimita 3 na tezi moja ya shingoni ya sentimita 4, upande uleule, saratani haijapasua ganda la tezi. Kwa mwongozo unaotumika tangu 2017, p16 ikiwa chanya hiyo ni hatua ya 1; ikiwa hasi, ni hatua ya 4. Ndiyo maana kulinganisha hatua za wagonjwa wodini hakuna maana.

Ila hatua ya 1 isiwafanye mdai baba apunguziwe dawa. Kwa wagonjwa wa aina yake, tafiti zilizotolewa 2018 zilijaribu kuweka dawa ya cetuximab badala ya ile ya kawaida, cisplatin, na waliobadilishiwa walifariki wengi zaidi. Akipangiwa mionzi 35 kwa wiki saba, amalize zote.

Mambo huharibikia zaidi kwenye kichupa cha kubebea kinyama, hasa kinyama kikisafirishwa kutoka mkoani. Kinatakiwa fomalini (dawa ya kuhifadhia) ya asilimia 10 yenye bafa, ujazo mara kumi ya kinyama, na kikae humo saa 6 hadi 48. Kikiwekwa kwenye maji ya chumvi kinaoza. Kikikaa wiki nzima kwenye fomalini ndugu wakitafuta nauli, DNA inakatikakatika, na kipimo kinaweza kusema hasi kwa uongo. Hakikisheni fomu imeandikwa “tonsili” au “shina la ulimi”. Neno “koo” peke yake halimsaidii mpimaji. Kipimo kikihitajika baadaye, ulizieni kwanza bloku ya nta, yaani kinyama kilichohifadhiwa ndani ya nta, iliyobaki maabara: huenda ikatosha bila mzee kukatwa tena.

Mama hahitaji kipimo cha koo. Hakuna kipimo cha aina hiyo kilichokubalika kwa mtu asiye na dalili. Kupitisha pamba kooni kuchukua sampuli hakutabiri saratani. Aendelee na uchunguzi wa mlango wa kizazi kama mwanamke yeyote wa umri wake. Sahani na vikombe msitenganishe, mtamuumiza baba bure. Mabinti wa miaka 9 hadi 14 wapate chanjo yao ya HPV.

SWALI: Nimepimwa damu, nina kinga za EBV. Ndiyo saratani?
Msomaji, Kinondoni

JIBU: Hapana. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima wanazo. Kipimo chenye uzito ni kile cha kinyama chenyewe, kiitwacho EBER. Ila kama sikio moja limeziba, pua inatoa damu upande mmoja, au una uvimbe shingoni uliopita wiki tatu, nenda kwa daktari wa pua, koo na masikio wiki hii hii.