Kichanga anayegeukia upande mmoja tu

Dada wa Nyegezi, unasema mtoto ana wiki saba, kichwa kimelalia bega la kushoto, kidevu kinaelekea kulia, na ziwa moja analikataa. Hiyo inafanana sana na msuli uliokaza upande wa kushoto, ule unaoteremka kutoka nyuma ya sikio hadi kwenye mtulinga. Ukipapasa taratibu unaweza kukuta kivimbe kigumu humo. Mara nyingi huisha chenyewe ndani ya miezi michache, ila daktari akione.

Nenda mapema, hospitali ya Sekou Toure au Bugando hapo Mwanza, uombe mtoto aonwe na mtu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Wanaoanza kabla ya miezi mitatu hupona haraka zaidi, na wengi hawafikii upasuaji. Atakufundisha namna ya kunyoosha shingo. Usianze kwa kubahatisha. Na bibi, kwa heshima zote, asimkande wala kumvuta. Hapo sibembelezi.

Nyumbani, kazi ni kumfanya atake kutazama kushoto. Kichezeo kinacholia, sauti yako, mwanga wa dirisha, vyote viwe upande huo. Akiwa macho, mlaze kifudifudi kifuani kwako au juu ya kanga, dakika chache mara kadhaa kwa siku (atalalamika, wengi hulalamika). Akisinzia, mgeuze chali, bila mto. Angalia pia kama kisogo kinakuwa bapa upande mmoja.

Akiwa na homa, akitapika, mkono mmoja usipocheza, au shingo ikikaza ghafla, usisubiri siku ya kliniki. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.