Kiima cha kweli kiko wapi hapo?

SWALI: Salaam aleikum mwalimu. Mie niko kidato cha nne huku Likoni, kwenye insha niliandika "One of the ferries have stopped" ticha akaichora nyekundu akaweka "has". Sa ferries si ni nyingi? Na hizi za "there is" na "there are" ndo zanivuruga kabisa, kiima sikioni. Nisaidie.

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Ticha yuko sawa, iliyosimama ni feri moja. Sentensi ikikuchanganya tafta kitenzi kwanza halafu uliza nani au nini: nini "has stopped"? One. Hayo ya "of the ferries" yanakwambia tu hiyo moja imetoka kundi gani. Ukiona "The basket of mangoes from Kongowea is heavy", maembe yamejaa pale na Kongowea imebanana na kitenzi kabisa, lakini yote mawili yako nyuma ya of na from kwa hivyo hayawezi kuwa kiima, kilicho kizito ni kikapu.

Na hili unalifanya kila siku bila kufundishwa, maana kwa Kiswahili huwezi kusema "kikapu cha maembe yameanguka", utasema "kimeanguka", yaani ki- inayaruka maembe inaenda kushika kikapu. Ukikwama basi igeuze sentensi kwa Kiswahili uone kiambishi kimeshika nini. Angalia tu maneno kama most, some na a lot, hayo hesabu yake inatoka nyuma ya of: "most of the bread is", "most of the ferries are".

Kwa there mbinu hiyo haisaidii, sisi twasema "kuna feri mbili" na ku- haikwambii ni moja ama mbili. There imeshika nafasi tu, kiima cha kweli kiko mbele baada ya kitenzi. "There are two ferries", sawa, lakini "There is a queue of cars" kwa sababu magari hata yawe mia foleni ni moja. Utawaskia hata Waingereza wakisema "there's two ferries", mdomoni yapita, kwenye karatasi ya mtihani usithubutu.

Swali nalo ni hivo hivo, "Where are the keys?" kiima ni keys.

Sasa tazama hii, ndo wengi huikosa: "At the gate of Fort Jesus stand two guards." Nani wamesimama? Guards, wako mwisho kabisa, na ndo maana ni stand si stands.