Shangazi, nyumba imejaa vitu hadi nakosa pumzi

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 38, naishi Tabata na mume na watoto watatu. Nyumba yetu imejaa hadi hakuna pa kukanyaga. Stoo haifunguki, kabati la vyombo limefurika, na juu ya kabati la nguo mabegi ya shangazi kaja yamegusa dari. Nikirudi kazini, nikifungua mlango tu kichwa kinaanza. Nimeona kwenye simu watu wanaoishi na vitu vichache, wanapumua, nami nikaanza kupunguza. Nilitoa nguo, nikawauzia watu wa skrepa redio mbovu ya marehemu baba mkwe, na tangu juzi mume amenuna. Mama mkwe anasema nyumba isiyo na vyombo ni aibu siku ya msiba. Hapo bado nina sare za harusi 14, kila moja nimeivaa mara moja, na kuna dada anayenikopesha vyombo, kila Jumamosi anapitia marejesho. Nimekosea wapi?*

*Mchovu, Tabata*

Marahaba mwanangu, pole na kichwa.

Tuanze na redio, maana umeitaja ukapita mbio. Haikuwa yako. Mwanaume aliyefiwa na baba yake mara nyingi habaki na vingi vya kumkumbukia: picha ya pasipoti iliyokuzwa, saa, pengine koti, na redio ambayo nyumba nzima ilinyamaza ikifika saa ya taarifa ya habari. Kwamba ilikuwa mbovu si hoja. Je, angeuza yeye sanduku la mama yako kwa kilo? Basi leo hii, kabla hujainjika chungu, mtafute yule kijana wa skrepa. Wale hawakai na mzigo, na redio za zamani huzibomoa watoe shaba. Ukiikuta, ikomboe hata kwa bei ya kuumia. Usipoikuta, mwambie mumeo "nimekukosea, nisamehe," halafu nyamaza. Usiongeze "lakini ilikuwa mbovu." Na kuanzia sasa unapunguza vyako tu. Vya mume atapunguza mume siku akitaka, na vya watoto mkae chini mchague pamoja.

Sasa wewe. Kutaka nafasi ndani ya nyumba yako si uzungu wala si wazimu, atakayekwambia hivyo mwache. Nguo zilizotundikwa nyuma ya mlango zinawapa mbu pa kujificha mchana, vumbi la juu ya kabati linawakoholesha watoto, na mtu aliyekaa na darasa zima tangu asubuhi ana haki ya kukuta kiti kisicho na rundo la nguo za kukunja.

Ila nakuuliza, kichwa hicho hakizidi Ijumaa jioni? Nashuku vitu vinakuchosha nusu, na nusu nyingine ni marejesho. Unatoa vyombo mlango wa nyuma huku dada wa Jumamosi anaingiza vingine mlango wa mbele. Mwambie wazi kwamba unamalizia deni lililopo na hutachukua hata kijiko mpaka liishe. Atakuonyesha hotpoti mpya, atakwambia ni ya mwisho. Usiishike mkononi. Na tafadhali usikimbilie mikopo ya kausha damu ili umlipe yeye. Wala usiende Kariakoo kununua makapu na mashelfu ya kupangia vitu ulivyobakisha. Nimewaona wengi wakianza kupunguza kwa kununua.

Fungua kabati la vyombo. Najua kuna seti ya glasi humo, karatasi ya dukani bado imegandia chini, zinamsubiri mgeni. Watoto wako wanakunywa maji kwenye vikombe vya plastiki vilivyopauka, vyenye alama za meno ukingoni. Tupa vikombe, toa glasi. Zitavunjika mbili tatu, na zivunjike. Ndiyo kazi yake.

Sare 14 zinahitaji ujasiri zaidi. Za zamani mpelekee fundi akushonee foronya, magauni ya watoto, mifuko ya sokoni. Usimbebeshe dada wa kazi rundo zima ukaita zawadi. Muulize kwanza anataka ipi. Kwa harusi zijazo, toa mchango wako mapema na mwambie mhusika mwenyewe, kwa simu, kwamba sare hutachukua. Usiandike kwenye grupu, utaanzisha mjadala. Watanuna wawili watatu, lakini chakula watakupa.

Khanga usiziguse. Nakuona unavyohesabu doti kwa jicho la simu. Doti mpya ni akiba ya mwanamke: akijifungua jirani unayo, akifiwa shoga yako unayo, na siku ya ukata hukimbii dukani. Ziweke pakavu zisishike ukungu, basi. Wale wa kwenye simu hawana shoga wa kufunga safari kwenda kumzika.

Kuhusu mama mkwe, usimwone mkorofi. Mwanamke wa umri wake aliyelea watoto nchini hapa miaka ya mwanzo ya 1980 alipanga foleni ya sabuni na sukari, na khanga ilikuwa ya kubahatisha. Mwaka 1983 kulikuwa na msako wa wahujumu uchumi, na bidhaa zilizofichwa nazo zilisakwa. Milango ya biashara ilipoanza kulegezwa, aliyepata sufuria alinunua mbili. Kwake kabati tupu lina maana ambayo wewe hukuiishi. Halafu kuhusu msiba ana hoja, ingawa siku hizi viti, maturubai na masufuria ya pilau hukodishwa, na vikundi vingi vya akina mama vina sahani zao za kuazimana. Ulizia kama kikundi chenu kinavyo. Kama hakina, pendekezeni mchangie vya pamoja.

Mpelekee habari hiyo, umwombe akuchagulie yeye sufuria mbili kubwa za kubaki nazo. Yale masinia mengine muulize kwa adabu kama kwake kuna nafasi. Akisema ipo, yapakie siku hiyohiyo kabla hajabadili mawazo.